UZI: Uniti tunazozilipia bila kuzitumia: ufanisi wa nishati majumbani na viwandani, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

#1 MkaguziNakuru

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mwezi huu watu watatu wameniomba niwapimie ukubwa wa mtambo wa sola wa kuweka juu ya paa, na wote watatu nimewajibu kwamba sitapima paa kabla sijapima nyumba. Mmoja wao alikasirika, na sikumlaumu, kwa maana alikuwa tayari amepata mkopo wa chama na alitaka kazi ianze mara moja. Lakini nimefanya kazi ya ukaguzi wa nishati hapa Nakuru na katika kaunti za magharibi kwa muda wa kutosha kuona familia na viwanda vikinunua mitambo mikubwa ambayo kazi yake halisi ni kulisha uvujaji, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Nianze na nyumba ya huyo aliyekasirika, iliyo upande wa Lanet. Familia ina watu wanne, na wastani wao ni uniti 190 kwa mwezi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ni baridi na kila mtu huoga maji ya moto. Shawa yao ya umeme ni ya kilowati 4.5. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja, shawa imefanya kazi kwa dakika arubaini, nazo ni uniti 3 kwa siku, yaani uniti 90 kwa mwezi. Nje ya nyumba kulikuwa na taa moja ya ulinzi ya mtindo wa zamani, ya wati 150, inayowaka saa kumi na mbili kila usiku: hizo ni uniti 54. Uniti 46 zilizobaki ndizo zilizoendesha friji, televisheni, pasi, balbu za ndani na simu zote.

Tulikubaliana mambo mawili tu. Muda wa kuoga upungue hadi dakika tano, na taa ya nje ibadilishwe iwe ya LED ya wati 20. Shawa ikashuka hadi uniti 45, na taa ikashuka hadi uniti 7 na ushei. Jumla mpya ni uniti 98.

Tarakimu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Bei ya stima ya nyumbani nchini Kenya imepangwa kwa madaraja: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100, na daraja lako hupangwa kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu. Anayeshuka kutoka 190 hadi 98 hajaokoa bei ya uniti 92 peke yake, bali pia zile 98 zinazobaki ataanza kuzilipia kwa bei ya daraja la chini. Na akija sasa kununua sola, atanunua paneli na betri za nusu ya ukubwa aliokuwa ameukopea.

#2 MkaguziNakuru

Naongeza jambo la upande wa nchi, kisha nitawaachia nafasi.

Sisi wa Kaunti ya Nakuru tunaishi karibu na chanzo kikuu cha umeme wa Kenya. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini pale Olkaria, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, na leo mvuke huo hutoa sehemu kubwa zaidi ya umeme wa taifa kuliko chanzo kingine chochote. Visima vya mvuke havipendi kuwashwa na kuzimwa, kwa hiyo usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, kuna mvuke ambao huachwa uende hewani kwa kuwa hakuna anayeuhitaji. Jioni mambo hugeuka. Kila nyumba huwasha taa, pasi, televisheni na jiko kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Watu wa Kisumu wanaufahamu mtambo wa Muhoroni, ambao kwa miaka kadhaa ulichoma mafuta ili kuzuia umeme wa magharibi usififie, kwa sababu nyaya za kutoka bonde la ufa hazikuweza kubeba mzigo wote. Mafuta hayo tuliyalipia sote, na mtu yeyote anayesoma risiti ya tokeni ataona mstari wa ada ya gharama ya mafuta.

Aidha, kiasi cha kati ya asilimia 20 na 24 ya umeme ulionunuliwa kutoka kwa wazalishaji katika miaka ya hivi karibuni hakikufika kwenye mita za wateja au hakikulipiwa. Sehemu ya upotevu huo ni wizi, na wizi hautibiwi kwa balbu ya LED. Lakini sehemu nyingine ni joto linalopotea kwenye nyaya na transfoma zilizolemewa, na joto hilo huongezeka kwa kasi kuliko mzigo wenyewe: mkondo ukizidi maradufu, upotevu kwenye waya ule ule huzidi mara nne. Kwa hiyo uniti inayookolewa saa mbili usiku kijijini Vihiga, mwisho kabisa wa laini, ina thamani kubwa kuliko uniti inayookolewa saa tisa usiku kando ya Olkaria. Hesabu ya namna hii hukosekana katika mazungumzo yetu, kwa kuwa mita husoma uniti zote kana kwamba ni sawa.

#3 MamaPosho_Kakamega

Ndugu Mkaguzi, asante kwa maelezo. Mimi nina mashine ya kusaga posho hapa karibu na soko. Mota yake ni ya nguvu farasi 15. Zamani tokeni niliyonunua Jumatatu ilinifikisha Jumamosi, na sasa inakwisha Alhamisi, ilhali wateja hawajaongezeka. Nimebadilishiwa mita, nimeambiwa mita ni nzima. Kuna kijana aliyekuja kuniuzia kifaa cha kuchomeka ukutani, akasema kitapunguza bili kwa nusu. Je, ninunue?

#4 MkaguziNakuru

Mama, tafadhali usikinunue. Vifaa hivyo kwa kawaida huwa na kapasita ndogo, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi, na taa ya kijani. Kapasita ina kazi yake ya kweli katika viwanda vikubwa: mota hudai mkondo wa ziada ambao haufanyi kazi ya kusaga wala ya kusukuma, na kiwanda ambacho pawa fakta yake, kama mafundi wanavyoita sehemu ya umeme inayofanya kazi halisi, inashuka chini ya 0.9 hutozwa ada ya adhabu. Kiwanda hicho kikifunga kapasita zilizopimwa sawasawa, adhabu huondoka. Lakini mita yako na mita ya nyumbani huhesabu uniti za kazi peke yake, wala hakuna adhabu ya kuondoa. Pesa hizo zitakusaidia mahali pengine.

Sasa tuje kwenye mashine. Nguvu farasi 15 ni takriban kilowati 11. Kwa dalili ulizoeleza, ningeanza na nyundo zilizo ndani ya kinu. Nyundo zikilika kona, hazivunji punje kwa pigo moja bali huzisukuma zikizunguka, na mahindi hukaa ndani kwa muda mrefu huku mota ikiendelea kula stima. Katika mashine nyingi nyundo hizo zinaweza kugeuzwa, zikatumia kona ambayo haijalika, kabla ya kununua mpya. Kisha tazama chekeche kama limeziba au limetoboka. Kisha mkanda: ukiwa umelegea huteleza na kutoa harufu ya mpira, na ukiwa umekazwa kupita kiasi huua beringi. Kisha muulize fundi wako kama mota iliwahi kuungua ikafungwa koili upya, na mara ngapi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri mota haipotezi mengi, lakini ikifanywa kwa haraka, kwa waya usio wa kipimo chake, mota hubaki ikizunguka huku ikila zaidi kwa kazi ile ile, na hakuna mtu atakayeona tofauti hiyo kwa macho.

Ninakuomba jambo moja kabla ya kugusa chochote. Kwa wiki moja, andika uniti kwenye mita kila asubuhi kabla ya kuwasha, na uandike gunia ngapi zimesagwa siku hiyo. Ukigawanya uniti kwa gunia, utakuwa na kipimo ambacho hakidanganyiki na idadi ya wateja. Tutalinganisha baada ya matengenezo.

#5 MkaziWaNyalenda

Nimesoma kwa makini, na ninaheshimu kazi ya ndugu Mkaguzi, lakini naomba niseme jinsi mambo yanavyoonekana kutoka huku kwetu Kisumu. Mimi nimepanga chumba kimoja. Natumia uniti 15 kwa mwezi, sina shawa ya umeme wala taa ya wati 150. Balbu yangu ni ya LED tangu zamani. Ninachotumia sana ni makaa, na ninanunua kwa mkebe kwa sababu sina pesa za gunia. Ninaposikia watu wakizungumzia ufanisi wa nishati, ninasikia watu wenye vitu vingi wakifundishana jinsi ya kuvitumia kwa bei nafuu. Sisi tusio na cha kupunguza, tunapunguza nini? Na hata tukipunguza, si tutatumia zaidi mahali pengine?

#6 MkaguziNakuru

Ndugu yangu wa Nyalenda, swali lako ndilo lililo zito zaidi hadi sasa, na sitaki kulijibu kwa juu juu.

Mkebe wa makaa ni nishati, na kwa kila kiasi cha joto kinachofika chakulani, huenda wewe unalipa zaidi kuliko yule wa Lanet. Tazama safari ya makaa hayo. Tanuri la udongo linalotumiwa na wachomaji wengi huhitaji kati ya kilo 5 na kilo 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya makaa. Makaa hayo yakiingia kwenye jiko la bati lisilo na kitu ndani, sehemu kubwa ya joto hutoka kupitia ubavuni. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, ambalo limeuzwa nchini tangu miaka ya 1980, huweza kupunguza makaa kwa takriban theluthi moja hadi nusu, kwa sababu ule udongo huzuia joto lisikimbie. Huku magharibi pia tuna jiko la kuni la Upesi, ambalo vikundi vya akina mama wafinyanzi wa eneo la Kisumu wamelifinyanga kwa miaka mingi. Mawe matatu hupeleka kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni ikiwa moto uko wazi na upepo unavuma.

Tatizo lako, kama ninavyolielewa, ni kwamba anayenunua kwa mkebe hana akiba ya kununua jiko bora kwa siku moja, hata kama jiko hilo lingejilipa kwa miezi michache. Hilo si kosa lako, na ni mahali ambapo chama au mwenye duka angeweza kukubali malipo ya polepole. Hadi hapo, kuna mambo yasiyogharimu kitu: loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, na chakula kikishachemka kiingize kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu au pamba na ulifunike, kiendelee kuiva kwa joto lake chenyewe. Akina mama wengi wa magharibi walifundishwa kapu hilo, na sijui kwa nini tumeliacha lipotee.

Kuna jambo lingine litakalokushangaza. Kwa uniti 15 uko katika daraja la bei ya chini kabisa, na una nafasi ya uniti 15 zaidi kabla ya kulitoka. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharagwe yaliyolowekwa kwa chini ya nusu uniti kwa kawaida, kwa sababu imefunikwa pande zote na joto la ndani hupanda hadi karibu nyuzi 120. Ukipika maharagwe mara tatu kwa wiki, hujazidi uniti 7 kwa mwezi. Matumizi yako ya stima yameongezeka, lakini matumizi yako ya nishati, ukihesabu na zile kuni zilizozikwa kwenye tanuri, yamepungua sana.

Kuhusu kutumia zaidi baada ya kuokoa: ni kweli, na wachumi wamelijadili kwa muda mrefu. Ila mimi sioni aibu katika hilo kwa nyumba yako. Kama makaa yaliyobaki yatakupa chai ya jioni ambayo hukuwa ukiipata, hiyo ndiyo faida yenyewe. Kwa kiwanda ningesema vingine.

#7 MwalimuBweni

Nashukuru kwa mjadala huu. Shule yetu ya bweni ina wanafunzi wapatao 600, na kuni ni mojawapo ya gharama kubwa baada ya chakula. Tulinunua majiko ya taasisi yenye dohani miaka minne iliyopita, tukaambiwa kuni zitapungua kwa nusu. Mwaka wa kwanza zilipungua. Sasa tumerudi karibu tulipokuwa, na wapishi wanalalamika moshi umerudi. Muuzaji anasema tununue mapya.

#8 FundiBoila

Mwalimu, naomba nijibu mimi, kwa kuwa kuni ni kazi yangu ya kila siku kwenye kiwanda cha majani chai huku Nandi.

Uliza kwanza kuni zenu zinafika lini na zinachomwa lini. Kuni zilizokatwa juzi huwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tani moja ya kuni mbichi, basi, ni nusu tani ya mbao na nusu tani ya maji, na maji hayo lazima yachemke yote yawe mvuke kabla moto haujaanza kukufanyia kazi. Kwa hesabu tuliyofundishwa, kuyapasha na kuyageuza mvuke maji ya kilo 500 huhitaji megajuli 1,300 hivi, ilhali kilo 500 za mbao kavu zina karibu megajuli 9,250. Sehemu moja kati ya saba ya joto lote imekwenda kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba moto huo unakuwa hafifu, gesi hazichomeki zote, na zile zisizochomeka ndizo moshi unaowaumiza wapishi na lami inayoziba dohani. Dohani ikiziba, jiko haliwezi kuvuta hewa, na muuzaji atakuambia jiko limezeeka.

Jengeni banda lenye paa na lisilo na kuta, kuni zipasuliwe zikiwa mbichi, zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, zikae miezi sita, na zile za zamani zichomwe kwanza. Safisheni dohani kila mwezi. Angalieni kama matofali ya ndani ya jiko yamepasuka, na kama sufuria zilizopo ni zile zilizokuja na jiko, kwa maana sufuria ndogo ndani ya tundu kubwa huacha moto upite pembeni. Ninaamini majiko yenu bado ni mazima.

#9 MwalimuBweni

Sufuria mbili zilibadilishwa mwaka juzi baada ya kutoboka, na tulinunua zilizopatikana sokoni. Kuhusu kuni, lori huja Jumatatu na kufikia Ijumaa zimeisha. Nitamwonyesha mkuu wa shule maelezo haya kabla ya mkutano wa bodi.

#10 MkaguziNakuru

Ndugu Fundi, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Kwa kuwa uko kwenye chai, waeleze wenzetu kidogo hali ya kiwandani, kwa maana wengi wanaouza majani hawajui stima na kuni zinakula kiasi gani cha malipo yao ya bonasi.

#11 FundiBoila

Kwa ufupi, kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, kwa hiyo kuna kilo tatu na nusu za maji za kuondoa. Baadhi huondoka wakati wa kunyausha, kwa feni zinazopuliza hewa usiku kucha, na yaliyobaki huondolewa na mashine ya kukaushia inayolishwa mvuke na boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji kwa kuni. Kila tone lililoachwa na feni ni kuni kwangu.

Feni hizo ndizo zilinifungua macho. Zamani ziliendeshwa kwa kasi moja, mvua inyeshe au jua liwake, na kama hewa ilizidi tuliziba njia kwa kibao. Tulipofungiwa vidhibiti vya kasi, ambavyo sisi huviita draivu, nilifundishwa kanuni ambayo sikuiamini hadi nilipoiona kwenye mita: feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kuziba hewa kwa kibao ni kama kuendesha gari huku umekanyaga mafuta na breki pamoja.

Upande wa boila, mambo ni ya kawaida na ndiyo yanayopuuzwa. Maji yanayoingia kwenye boila yakiwa na joto zaidi kwa kila nyuzi 6, mafuta au kuni hupungua kwa asilimia moja. Kiwanda nilichofanyia kazi kabla ya hiki kilikuwa kikimwaga mtaroni maji ya moto yatokanayo na mvuke uliopoa, kisha kikaingiza maji baridi ya mto. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 ni tofauti ya nyuzi 60, yaani asilimia kumi ya kuni kama maji yote yangerudishwa. Niliandika ripoti mbili. Mabomba ya mvuke nayo yalikuwa uchi, yamevuliwa koti lake la kuzuia joto wakati wa ukarabati na halikurudishwa. Mtu alikuwa akianikia ovaroli juu yake.

#12 MkaguziNakuru

Ripoti zinazolala kabatini ndizo huzuni ya kazi yetu. Sheria ipo. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilitaka kila jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi angalau mara moja kila miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Uniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hoteli kubwa, hospitali na viwanda vingi vya kati vya Nakuru, Eldoret na Kisumu hukifikia. Ninachokiona ni kwamba ukaguzi hufanywa ili cheti kipatikane, na orodha ya mapendekezo haimfikii mtu mwenye spana mkononi.

Nitoe mfano mmoja ambao huwa ninawaonyesha wakurugenzi. Bomba la hewa iliyoshindiliwa likiwa na tundu la milimita 3 kwenye shinikizo la baa 7, kompresa italazimika kutumia kati ya kilowati 3 na 4 kulisha tundu hilo peke yake. Chukua 3.5, kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana kwa siku 300: ni uniti 25,200. Hizo zingetosha nyumba 21 kama ile ya Lanet baada ya kushuka hadi uniti 98, kwa mwaka mzima, na zinatoka kwenye tundu linalozibwa kwa kubadilisha mpira. Katika viwanda visivyokaguliwa, si ajabu robo ya hewa yote kupotea hivyo. Ninapokagua huomba niingie Jumapili, mashine zikiwa zimezimwa na kompresa pekee ikiwashwa, na kwa kawaida uvujaji unausikia kwa masikio yako.

Viwanda vya sukari ni habari ndefu na ya kuumiza. Tani moja ya miwa huacha takriban kilo 300 za makapi, ambayo ni kuni za bure. Mumias ilionyesha mwaka 2009 kwamba inawezekana: mtambo wa megawati 38 uliochoma makapi, na megawati 26 zikauzwa kwa gridi ya taifa. Kiwanda hicho kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2019, kwa sababu ambazo hazikutokana na mtambo huo. Viwanda vingi vya ukanda huu vilijengwa na boila za shinikizo la chini, ambazo lengo lake lilikuwa kuyateketeza makapi yaishe, si kuyatumia vizuri. Mkulima wa miwa wa Chemelil au Nzoia ana haki ya kuuliza ni umeme kiasi gani unapotea kupitia dohani analoliona kutoka shambani mwake.

Na kwa kiwanda chochote chenye kazi inayoweza kusubiri: tangu Desemba 2017 kuna bei ya usiku kwa wateja wa biashara na viwanda, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, ambapo uniti zinazozidi kiwango kilichowekwa hulipiwa nusu. Huo ndio mvuke wa Olkaria niliousema katika #2. Kupeleka usagaji, ugandishaji barafu au uvutaji maji kwenye saa hizo hakupunguzi uniti hata moja kwenye mita yako, lakini kunapunguza mafuta yanayochomwa jioni.

#13 SamakiDunga

Ndugu Mkaguzi, umetaja barafu. Tuna chumba cha baridi cha kuhifadhi samaki, na joto la Kisumu mnalijua. Mtambo haupumziki tangu Januari. Tumepunguza kipimo kutoka nyuzi -18 hadi -24 ili samaki wasiharibike, lakini haufiki huko.

#14 MkaguziNakuru

Rudisha kipimo kwenye -18. Kila nyuzi moja unayoshusha huongeza matumizi kwa asilimia 2 hadi 4, na ikiwa mtambo haufiki, unachokipata ni gharama bila baridi. Tazama mahali pa kutolea joto nje: kama lile rejeta la nje la mtambo liko chini ya bati upande wa magharibi na mapezi yake yamejaa vumbi na magamba ya samaki, linajaribu kutupa joto ndani ya joto. Lioshe kwa maji ya shinikizo dogo na ulijengee kivuli kinachopitisha hewa. Halafu mpira wa mlango: ubane karatasi kati ya mlango na fremu, ukiivuta ikatoka bila kushikwa, hewa inaingia hapo usiku na mchana. Ndani, barafu iliyoganda kwenye feni iondolewe. Ukishamaliza hayo, paa lipakwe rangi nyeupe.

#15 MamaPosho_Kakamega

Habari zenu. Nimerudi baada ya wiki tatu. Niliandika kila siku kama nilivyoelekezwa. Fundi alifungua kinu, akakuta nyundo zimelika kona zote za upande mmoja hadi zimekuwa duara, akazigeuza. Chekeche lilikuwa na tundu la kidole, tumebadilisha. Mkanda haukuwa mbaya. Wiki hii tokeni ya Jumatatu imefika Jumamosi saa sita mchana. Wateja wamesema unga ni laini zaidi, jambo ambalo sikulitarajia. Yule kijana wa kifaa cha ukutani alirudi, nikamwonyesha daftari.

#16 MkaguziNakuru

Mama, hongera sana. Hilo daftari lisifungwe. Endelea kuandika uniti kwa kila gunia, na siku utakapoona tarakimu imepanda kwa wiki mbili mfululizo, muite fundi kabla tokeni haijaanza kuisha Ijumaa. Umesema mkanda haukuwa mbaya: je, fundi aliupima mashine ikiwa imezimwa, au alishika beringi za mota baada ya kusaga gunia tatu mfululizo? Kama beringi ya upande wa mkanda huwa ya moto kuliko ile ya upande wa pili, nijulishe hapa hapa, kwa kuwa bado kuna kitu cha kurekebisha.

#17 MamaPosho_Kakamega

Hakuishika. Kesho ni siku ya soko, nitaishika mimi mwenyewe jioni baada ya kuzima, kisha niandike.